Miaka Minne Nilimjibia Loveness

Kazi yangu ni kuongozana na waongo. Sisemi kwa ubaya, ni watu wazuri, wametoka mbali na wanataka kufika kileleni, ndiyo maana wanadanganya. Ukimwuliza mgeni pale kambi ya Horombo, mlimani, kama kichwa kinamuuma, atakwambia hapana, huku uso ameukunja. Anajua akisema ndiyo nitamshusha. Kwa hiyo habari za kichwa siulizi. Naangalia supu ameimaliza au ameisukuma pembeni, kamba za viatu anazifunga mara ngapi, wenzake wakicheka naye anacheka au anachelewa. Mwaka juzi nilimshusha mhandisi mmoja aliyekuwa anaapa kwa Mungu kwamba yuko salama, wakati alikuwa anazungumza na begi lake. Alilia njia nzima hadi kambi ya Mandara. Nikamwacha alie.

Naitwa Elisaria, wa Marangu. Huu ni mwaka wa kumi na tisa napandisha wageni, na wapagazi wananiita Mpelelezi kwa hayo macho yangu. Nawaeleza haya mapema ili mkisikia ya mbele msidhani hamkuambiwa. Nyani haoni kundule.

Loveness ni mtoto wetu wa mwisho. Alipokuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili, alianza kuongea na watu ambao sisi hatukuwaona. Alisema wanamwita kutoka mgombani. Mimi nilikuwa mlimani. Mke wangu, Priska, ndiye aliyemkuta amekaa katikati ya migomba na sare za shule, mvua inamnyeshea, hatetemeki. Ndugu wakasema lao, huyu anataja mizimu ya ukoo, yule anataja kijicho cha jirani. Mchungaji alikuja akamwombea, halafu akamwambia Priska kwamba yeye amemaliza ya kwake, sasa mtoto apelekwe hospitali. Mchungaji yule namshukuru hadi leo.

Hospitali tuliyompeleka, mjini Moshi, ilikuwa na kliniki ya watoto na vijana wenye maradhi ya akili. Nesi aliyetupokea anaitwa Bernadetha, mama mnene mwenye sauti ya chini. Niliposhuka mlimani nikaapa kwamba kliniki nitampeleka mimi, na nilimpeleka. Ofisini walizoea, Jumanne ya kwanza ya mwezi Elisaria hapandi. Akina baba wengi walikuwa wanawaachia akina mama kazi hiyo. Mimi nilikuwa nakaa pale kando ya binti yangu, kofia mapajani.

Daktari akiuliza, nilikuwa najibu mimi. Analala? Analala vizuri sana, saa tatu ameshazima taa. Dawa? Anakunywa, namwona kwa macho yangu. Na zile sauti? Zimeisha daktari, tunamshukuru Mungu. Loveness anaangalia viatu vyake, Bernadetha anaandika. Wazazi wengine walikuwa wanaambiwa waige mfano wa Baba Loveness. Nilipenda kusikia hivyo, sitawaficha.

Desemba ya mwaka wa nne Bernadetha akatuweka chini. Akasema mwezi wa sita Loveness anatimiza kumi na nane, hivyo atahamia kliniki ya watu wazima, jengo la pili, na kuhama kwenyewe kunaanza sasa, hakusubiri hiyo siku. Basi vituko vikaanza. Akampa Loveness daftari aandike mwenyewe majina ya dawa zake na anazinywa saa ngapi. Akamfundisha kueleza ugonjwa wake kwa maneno yake. Nikifungua mdomo tu, Bernadetha ananyoosha kiganja kama trafiki. Mwezi wa tatu uvumilivu ukanishinda, nikamwuliza nimekosa nini mimi hadi ninyamazishwe mbele ya mwanangu. Akasema sijakosa kitu, ila kule daktari ataongea na mgonjwa mwenyewe, nami nitakaa nje hadi mgonjwa atakapotaka niitwe.

"Hata mlimani hatumwachi mtu apande peke yake," nikamwambia.

"Kwani nani amesema yuko peke yake, Baba Loveness? Mara tatu za mwanzo nitaingia naye."

Hilo halikunituliza hata kidogo. Loveness alikuwa amepata nafasi chuo cha ushonaji pale Himo, aanze mwezi wa saba, na alikuwa anakitaka chuo kile kufa na kupona. Barua ya kumruhusu ilikuwa itoke kwa daktari. Sasa mimi najua vizuri mtu anayetaka kufika anajibu nini akiulizwa hali yake. Niliona kabisa atakavyomwambia daktari mgeni kwamba yuko fresh, daktari atapunguza dawa, na sisi tutarudi kumtafuta mgombani kwenye mvua. Nililala na hofu hiyo na kuamka nayo hadi mwezi wa sita ukaingia.

Siku yenyewe nilikaa kwenye benchi nje ya mlango. Wengine waliokuwa wanasubiri ni watu wazima wenzangu, mmoja amelala begani kwa mkewe. Loveness alipita mbele yangu na faili lake mkononi, Bernadetha nyuma yake, mlango ukafungwa. Waliotangulia hawakuchukua muda. Hawa walichukua muda hadi nikaanza kusema moyoni, ahaa, ameanza kuwadanganya na wao wanaandika.

Mlango ukafunguliwa. Bernadetha akasema Loveness anataka niingie.

Daktari alikuwa kijana, akanipa shikamoo na kiti. Alimgeukia Loveness, naye Loveness akafungua daftari lake kisha akalifunga tena.

"Baba, sauti hazijawahi kuisha," akasema. "Zilipungua tu. Kulala nako silali. Saa tatu nazima taa, nalala sigeuki, ili msisikie kitanda."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo.

"Miaka minne, Loveness? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema wewe." Hakunitazama. "Ungesema nalala vizuri halafu mimi niseme silali? Mbele za watu? Mtoto hambishii baba yake mbele za watu. Si ndivyo mlivyotulea?"

Ndivyo tulivyowalea. Hata mimi nililelewa hivyo. Mbele ya baba yangu sikuwahi kusema chai haina sukari. Nilimtazama Bernadetha, nikitafuta hata lawama kidogo usoni mwake, sikuiona. Alisema polepole kwamba hata wao walinisikiliza mimi, na kwamba hilo daftari lilipaswa kuanza miaka mingi nyuma. Daktari akaniuliza kama nina swali. Nikasema sina.

Nilitegemea nitakasirika, au nitalia, hata kuona aibu. Hakikuja kitu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unauona ni wako lakini ukiugusa haujibu. Daktari alibadilisha dawa, akampa tarehe ya wiki mbili mbele. Barua ya chuo pia aliiandika. Loveness aliiweka ndani ya daftari. Tulipotoka aliniuliza kama nimekasirika, nikamwambia hapana, na ulikuwa ukweli. Tukanunua mkate tukarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nimepanda mlima mara nne. Wageni wakifika kileleni wananikumbatia na kulia, mimi nawapiga picha na kuwakumbusha wavae glovu. Nashuka, nakata majani ya ng'ombe, nakula ninachowekewa. Mtori wa ndizi na ugali vimekuwa kitu kimoja mdomoni. Priska akiniuliza nina nini namwambia niko salama, ananitazama, anaendelea na kazi zake. Loveness anakwenda chuo Himo asubuhi na kurudi jioni. Kliniki anakwenda mwenyewe. Bernadetha alimsindikiza mara tatu kama alivyoahidi, kisha akamwachia aende peke yake, na namba ya simu ya kliniki. Tarehe siambiwi, na siulizi. Nilijiambia namheshimu, lakini nadhani niliogopa nikiuliza nitajijibu mwenyewe.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, watu walikuwa nje kwenye mnada wa sadaka za mavuno. Mzee Eliezeri, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, alikuwa ameshinda mkungu wa ndizi na anatafuta pa kuushikia vizuri. Alituona, mimi na Loveness tumesimama pamoja. Akanisalimu mimi, akaniuliza mimi, kama anavyoniuliza miaka yote.

"Elisaria, binti anaendeleaje?"

Sentensi ilikuwa mdomoni tayari. Anaendelea vizuri mzee, tunamshukuru Mungu. Hata ulimi ulishainuka. Nikafunga mdomo. Mzee Eliezeri akadhani sijamsikia, akataka kurudia.

"Shikamoo mzee," Loveness akasema. "Wiki hii ilikuwa mbaya. Nimesikia sauti siku tatu. Jana nimempigia simu nesi wa kliniki, wamenipa tarehe ya karibu. Mniombee."

Watu wawili waligeuka. Mzee Eliezeri aliutua mkungu wake chini, akapangusa mkono kwenye koti, akamsalimu Loveness kwa mkono. Alimwambia atamwombea leo hii, na akamwuliza kama anakula. Loveness akasema anakula kidogo. Wakaendelea kuzungumza hivyo, wao wawili, nami nimesimama kati yao na kofia yangu.

Hapo ndipo nikaumia. Nilikuwa nimesahau uchungu ulivyo. Siku tatu. Sikupanda mlima wiki ile, siku zote tatu nilikuwa nyumbani, tumekula meza moja, na Mpelelezi sikuona kitu.