Karani Ashona Ala

Karani alikuwa amestaafu miezi minne iliyopita, lakini jina halikustaafu naye. Mtaani waliendelea kumwita Karani, na yeye akaendelea kuitika kana kwamba ni cheo. Kwa miaka thelathini na minne mikono yake ilikuwa imegonga mihuri, imetoboa karatasi na kufunga mafaili kwa kamba. Zaidi ya hapo haikuwahi kutengeneza kitu. Balbu ikiungua nyumbani, aliandika kwenye kijidaftari chake, "Balbu ya sebuleni: imeungua," na mkewe ndiye aliyepanda kiti.

Mkewe alikuwa mpishi wa kantini ya chuo, na huko walimwita Mama Kantini. Alikuwa na kisu chake mwenyewe, wameshibana mwaka wa kumi na tisa huu. Kilikuwa kimenolewa na kunolewa mpaka bapa lake likabaki jembamba, limeingia ndani kidogo katikati, na hapakuwa na kisu kingine kilichofanana nacho. Visu vya kantini, kwa maneno yake, vilifaa kupaka siagi, tena iliyokwisha kuyeyuka. Kila asubuhi alikizungushia chake gazeti, akakitia mkobani, akaenda zake.

Ndipo akaja msimamizi mpya. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu, na mtu akitoka kwenye semina lazima abandike kitu ukutani. Tangazo lilisema: kuanzia Jumatatu, kisu binafsi kisicho na ala hakitaingia jikoni.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mama Kantini alirudi nyumbani akaketi bila hata kuvua viatu.

"Wananinyang'anya kisu changu," alisema. "Nimepita maduka yote. Ala nyingine kinaogelea, nyingine hakiingii kabisa."

Huruma ilimshika Karani, na kabla akili haijatoka, mdomo ulikuwa umeshafika mbali.

"Usihangaike, mama. Ala nitakushonea mimi."

Mkewe alimtazama mikono. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwa mikono ipi?"

"Hii hii."

"Haya, baba. Lakini Jumatatu ikifika bila ala, kisu changu kinabaki kabatini, na mimi naenda kukata kabichi kwa mwiko. Siku hiyo usiniambie habari za utaratibu."

Karani alianza kwa kufungua faili. Juu yake aliandika ALA YA KISU kwa herufi kubwa. Akakilaza kisu juu ya karatasi, akakichora kwa penseli, akakipima urefu, upana na unene, kila kipimo mara tatu. Kufikia saa ya kulala faili lilikuwa na kurasa tano, na ala ilikuwa bado haijaanza. Yeye mwenyewe aliona kazi imekwenda vizuri mno.

Ngozi alikuwa nayo. Siku ya kumuaga, ofisi nzima ilikuwa imesimama ikampigia makofi na kumkabidhi mkoba wa ngozi wa rangi ya kahawia. Aliutunza ndani ya mfuko wake wa plastiki, na Jumatano asubuhi aliuchukua kwa moyo mzito akaenda nao kwa Kiraka, fundi viatu wa pale kwenye kona, ambaye jina hilo alipewa na wateja naye hakulikataa.

"Sitaki unishonee," Karani alimwonya. "Nataka uniazime sindano na chuma cha kutobolea, basi."

Kiraka aliunusa mkoba. Akachana utepe mwembamba pembeni, akauwashia kiberiti. Ukajikunja, ukadondoka matone.

"Mzee, hii si ngozi. Hii ni plastiki iliyopakwa rangi."

"Nilipewa na idara nzima! Kwa hotuba!"

"Basi labda hotuba ndiyo ilikuwa ya ngozi."

Karani aliutazama mkoba. Miaka thelathini na minne, na hakuchelewa kazini hata siku moja. Alitaka kusema jambo zito, lakini Kiraka, kwa kumwonea huruma, alikuwa ameshachomoa chini ya meza kipande cha ngozi nene kutoka kwenye buti kuukuu.

"Chukua hiki. Au niachie mimi, kesho mchana ala iko tayari."

"Hapana. Nimeahidi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Karani alirudi nyumbani na ngozi yake, akakata, akakunja, akatoboa. Alijichoma kidole gumba mara nne, na kila mara alisonya kwa sauti ya chini, kama yuko ofisini. Alhamisi jioni ala ilikuwa tayari. Mishono yake ilikuwa imenyooka kuliko barabara ya mbele ya nyumba, yote sawa kwa sawa, kwa kuwa aliipima kwa rula.

Mama Kantini alikitia kisu. Kiliingia vizuri, kikasimama, kisha pakasikika mlio mdogo wa uzi ukikatika. Mwingine ukafuata, na mwingine. Ncha ya kisu ikachungulia ubavuni.

"Ala yako imejifungua," mkewe alisema, akakichukua kisu chake akaenda nacho jikoni.

Asubuhi yake Kiraka hakuhitaji hata kuishika. "Uliweka ukanda wa katikati?"

"Ukanda gani?"

"Ukanda wa ngozi ukae kati ya pande mbili, pale makali yanapolalia. Sasa umekutanisha makali na uzi uso kwa uso. Ulitegemea nini, waamkiane?"

Kuuliza si ujinga, hilo Karani alikuwa akiwaambia watu dirishani kila siku. Ila yeye alizoea kuwa upande ule wa dirisha unaoulizwa. Safari hii alikaa kwenye kigoda cha wateja, akauliza kila kitu, akaandika majibu yote: ukanda wa katikati, uzi uliopakwa nta, sindano mbili zinazopishana ndani ya tundu moja, kitanzi cha mshipi kishonwe mgongoni kabla ala haijafungwa.

Jumamosi alishona kutwa. Na hapo, jambo la ajabu, alifurahi. Ngozi ilimtii. Kwenye uso wa mbele alichora mistari miwili ya pambo, kwa rula bila shaka. Kitanzi hakukiweka wima. Alijifunga mshipi wake, akasimama mbele ya kioo, akajifanya anachomoa kisu mara kumi na mbili, mpaka akajua kiinamie wapi ili mpini uje wenyewe kiganjani. Hata Kiraka hakuwa amemfundisha hilo. Karani alivimba kichwa.

Jumapili mchana alimkabidhi mkewe ala kwa mikono miwili. Kisu kiliingia, kikatulia. Mama Kantini aliitikisa ala, kisu hakikutoka. Alipitisha kidole juu ya mishono, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Karani hakuwa ameiona tangu zamani. Akaivaa pale alipoelekezwa, kiunoni upande wa kulia.

"Chomoa," alisema Karani, amesimama wima kama mgeni rasmi.

Mkono wa kushoto wa mkewe ulikwenda kiunoni kushoto, ukaambulia patupu. Ukavuka tumbo kwenda kulia, ukakuta mpini umeinamia kwingine.

"Tumia mkono wa kulia," Karani alielekeza.

"Baba, mimi kisu nashika kwa kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Haiwezekani. Unakula kwa kulia. Unaandika kwa kulia!"

"Kula na kuandika nilichapwa mpaka nikazoea. Kisu hakuna aliyenichapa."

Karani aliketi. Alikuwa anakumbuka kwa kichwa namba za mafaili yaliyofungwa miaka ishirini nyuma. Na kwa miaka thelathini na moja ya ndoa alikuwa amekula kila kilichokatwa na mkono ule, yeye akiwa sebuleni na gazeti, akingoja sahani ifike. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutamani aulizwe kosa ili aombe radhi.

"Si neno," mkewe alisema, akifungua mshipi. "Itapita tu. Msimamizi anataka ala, hakusema ya mkono gani."

"Haiendi hivyo," alisema Karani. "Njoo jikoni. Kata kitu, nikuone."

"Nikate nini?"

"Hata kitunguu."

Alivuta kiti akakaa mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Mkono wa kushoto ulikwenda upesi na bila kelele. Bega lilishuka kidogo, kidole cha mwisho kikasimama peke yake, na mkewe akauma mdomo wa chini kama msichana aliye kwenye mtihani.

"Usinikodolee macho hivyo, nitajikata."

Lakini alikata vitunguu vitatu, na kilichohitajika kilikuwa kimoja.

Karani alifumua ala yote, akahamisha kitanzi upande wa pili ili ikae kiunoni kushoto, akashona upya. Jua lilipotua alikuwa amemaliza. Mistari ya pambo sasa ililalia nyonga, haionekani na mtu, na upande uliotazama nje ulikuwa na safu ya matundu matupu palipokuwa na kitanzi.

Jumatatu alasiri alikuwa mlangoni kabla mkewe hajafika.

"Msimamizi?"

"Amekivuta, amekirudisha, amekivuta tena. Ameandika sawa. Kisu kimepita."

"Na wenzako?"

"Wameisifu. Ila wameuliza, mbona ina matundu kwa nje."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia aliyeyatoboa alikuwa anamshonea mke mwingine."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Karani naye alicheka, maana kicheko cha mkewe hakikataliki, lakini neno lilikuwa limemchoma mahali pake.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Na huyo mwingine nimeishi naye miaka thelathini na moja."

"Najua," alisema Mama Kantini, akijifuta machozi ya kicheko kwa mkono wa kushoto. "Si mimi niliyekuwa nikiwapikia?"