Koti la Tonton Safari

Nikifumba macho, mwanangu, nalikumbuka lile koti kabla sijaukumbuka uso wa mwenyewe. Lilikuwa koti zito la kijivu, la baridi ya hapa Brussels, na kila Tonton Safari, yaani Mjomba Safari kwa Kifaransa cha kwetu, alipoketi kupiga piano alilitundika kwenye kiti kirefu cha baa, upande wake wa kushoto, hata wakati wa joto. Watu waliona mkono wake wa kulia tu. Wa kushoto haukuonwa na mtu.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimetoka Bukavu kuja kusoma, na Jumapili nilipiga piano kanisani. Baada ya misa nilikwenda kumsikiliza katika mkahawa mmojawapo wa Galerie d'Ixelles, lile jengo la maduka ya Waafrika, katikati ya saluni za nywele. Tonton alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kupiga rock and roll kwetu Kivu. Mapadri walimfundisha nyimbo za misa, lakini jioni alipigia wacheza dansi katika hoteli ya kando ya ziwa. Huko akasikia santuri za Amerika, akazitia mdundo wake mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mdundo huo ndio uliomleta Ulaya na bendi.

Hapa Ulaya, kwa maneno yake, kiongozi wa bendi nyingine, Mzungu, alikuwa akija kuketi karibu na piano, akimsifu na kumnunulia bia. Baadaye santuri ikatoka kwa jina la bwana yule, na mdundo wa Tonton umo ndani. Kazi nzuri zikamfuata mwenye jina. Tonton akabaki na mkahawa, na tangu hapo likaja koti.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa zangu, mguu ukifuata mdundo chini ya meza. Akaacha kupiga katikati ya wimbo.

“Petit, muguu yako inahesabu nini?”

Nikasema hakuna kitu.

“Ule muzungu naye alisemaka hakuna kitu. Bon, ikala kule, upande ya kuume.”

Nikahamia kulia kwake, na huko ndiko nilikokaa miaka yote.

Nami nikaanza kumshuku, sikufichi. Mtu gani anaficha kitu chema hivyo? Saluni ya jirani walisema ana dawa chini ya koti, wengine eti ana vidole sita. Mimi nilidhani ni muongo tu. Nilipomwomba aniletee hiyo santuri akasema haiwezi kuingia nyumbani kwake, na jibu hilo likanizidishia shaka. Basi tukaishi hivyo, yeye akiuchunguza mguu wangu, mimi nikilichunguza koti lake.

Kisha nikapata habari kwamba yuko hospitali, kule Woluwe, amepigwa na kiharusi na upande wa kushoto umekufa. Tena ananiita. Njiani nilijiuliza kwa nini mimi, anataka nini kwangu.

Alinituma kwanza nifunge mlango. Hata pale, mwanangu, alitaka kujua kama muuguzi anasikiliza. Halafu akasema anataka kunionyesha. Akauweka mkono wa kulia juu ya blanketi, aupige mdundo wa kushoto nipate kuuona. Vidole vikaanza vizuri, vikapotea. Vikaanza upya, vikapotea palepale. Akautazama mkono ule.

“Hii mukono haijue,” akasema. “Ata yenyewe sikuionyeshaka.”

Akalia, nami nikalia. Hakutoka tena hospitali.

Baada ya mazishi nikaitafuta ile santuri mpaka nikaiona kwa muuza vitu vya zamani. Jina la mtu mwingine kwenye jalada, na mdundo wa Tonton ndani, kama alivyosema. Nikaona aibu kwa shaka zangu. Ila mdundo ule wa santuri ulikuwa mkavu kidogo. Kuna kitu Tonton alikifanya kila aliporudi mwanzo, nilikisikia kwa masikio yangu pale mkahawani, na kwenye santuri hakimo. Nimekitafuta mpaka nimezeeka. Ule mkono wa kushoto unaonisifia kanisani, mwanangu, nilifundishwa na santuri ya mtu aliyeuiba.

Nakwambia haya kwa sababu Jumapili nilikuona ukimtoa mdogo wako katika chumba cha mazoezi, ukafunga mlango. Najua yule bwana alikurekodi kwa simu yake ukipiga piano, bila ruhusa. Hata mimi simpendi, na macho yake siyaamini. Sikwambii umwamini. Muulize anarekodi nini, anampelekea nani, na jina la nani litaandikwa. Akianza kuchekacheka, funika piano uende zako.

Lakini mdogo wako siye yule bwana. Chagua mtu mmoja ambaye mmekula naye na kugombana naye, umwonyeshe kila kitu mikono yako ikiwa bado na nguvu. Ukiwafungia mlango wote, siku utakapoondoka atakayebaki na kazi yako ni mwizi peke yake, na ataipiga vibaya.

Mungu akulindie vidole vyote kumi, mwanangu, akuepushe na wenye sifa nyingi, na upande wako wa kushoto akuwekee mtu wa kuketi.