Kumwangusha Mshenga

Chuoni kwetu kulikuwa na timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Nilijiunga kwa sababu nilikuwa mwembamba, mwoga, na nilitaka jambo moja maishani nilifanye bila kosa. Nikachagua kuwa beki wa mwisho. Mbeba mpira akishawapita wenzako wote, mnabaki yeye, wewe na aibu. Kusema kweli sikupewa nafasi hiyo. Nilipewa ruhusa ya kuisubiri, nikiwa nimekaa benchi na chupa za maji.

Hakuna aliyenifundisha kukaba, yaani kumrukia mbeba mpira na kumwangusha. Nilijifunza kwa video, nyumbani kwetu huku ughaibuni, mtaa wa Toongabbie, kwa kulirukia pipa la taka uani. Pipa nililiangusha vizuri mno. Nilijirekodi kwa simu, nikachunguza pembe ya goti, nikafuta, nikarudia, mpaka jirani akaja kuuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Mama, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alisimama mlangoni na sare yake akinitazama.

"Mimi kutwa nashika watu wasianguke," akasema. "Mwanangu yuko chuo kikuu anasomea kuwaangusha."

"Sisomei, mama. Ni klabu tu."

"Kumbe hata cheti hupati."

Kisha beki wetu aliteguka bega, na kocha akaniita pembeni. Jumamosi ningeanza mimi. Nikicheza vizuri, nafasi ni yangu hadi mwisho wa msimu. Nikipitwa kizembe, narudi kwenye chupa. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, kisha nikatafuta video za wapinzani, timu ya watu wazima kutoka mji jirani wa Penrith. Mbeba mpira wao nilimtambua kabla hajavaa kofia. Alikuwa mshenga wa dada yangu.

Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania, na mambo ya posa hatukuyaacha uwanja wa ndege. Wiki mbili kabla, mtu huyu alikuja sebuleni kwetu na suti ya kijivu, akasema kwa niaba ya bwana harusi kwamba ameona ua bustanini mwetu. Bustani hatukuwa nayo, lakini wazee waliitikia kwa vichwa. Nilimwamkia shikamoo, nikamletea soda nikiwa nimeinama, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia kama nilivyolelewa. Jibu la familia angekuja kulichukua Jumapili, siku moja baada ya mechi.

Habari za mechi zilipomfikia, dada alinisubiri jikoni. "Please, usimguse."

"Ndiyo kazi yenyewe, kumgusa."

"Ukimvunja taya, nani atanisemea Jumapili? Mshenga bila taya si mgeni tu aliyekuja kula?"

Mama alikuja uwanjani na kitenge chake kizuri na kopo la aiskrimu lililojaa maandazi. Akakaa mbele kabisa. Kipindi cha kwanza mshenga hakunifikia. Cha pili akawapasua wenzangu wote, akaja moja kwa moja kwangu, mpira kwapani, magoti juu. Nilishusha nyonga. Niliinua kifua. Kila kitu kilikuwa kama kwenye video. Hapo nikasikia sauti ya mama:

"Mpishe mgeni wetu!"

Nikampisha. Sikuamua, mwili wenyewe ulisogea kando, kama mtu anayempisha mzee mlangoni. Nadhani hata niliinama kidogo. Akapita, akafunga, na upande wa Penrith ukalipuka kwa kicheko.

"Ulikuwa unafanya nini pale?" kocha akaniuliza.

"Ni mkubwa kwangu," nikasema.

Kocha alinitazama kama mtu anayetafuta chupa za maji anirudishie. Lakini aliyenikasirikia zaidi alikuwa mshenga. Alinijia mstarini akihema, macho yakiwaka nyuma ya vyuma vya kofia.

"Kijana, unanidharau?"

"Hapana, mzee. Nilikuheshimu."

"Kunipisha mbele za watu! Mimi ni bibi harusi? Ukinipisha tena, kesho nitawaambia wazee wangu kwamba nyumba hii haina vijana. Tukachumbie kwingine."

Sasa nilikuwa na mama upande mmoja, dada upande wa pili, kocha nyuma, na mshenga mwenyewe akinitishia kwa sababu sijamwangusha. Video hazikuwa na somo la hali hii.

Alikuja tena dakika za mwisho. Nilifumba macho. Nilishika jezi, ikaponyoka; nikashika kiuno, kikaponyoka; nikakumbatia mguu mmoja kwa nguvu zote kama mtoto anayegoma kwenda shule. Aliniburuta hatua kadhaa, kisha akaanguka kifudifudi karibu na mstari, na pua yake ikatangulia. Ulikuwa ukabaji mbaya kuliko wote niliowahi kuuona, na niliutazama mara nyingi baadaye. Pale chini mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu akiwa na nyasi mdomoni. "Sasa niachie mguu."

Tulifungwa vilevile. Kocha akasema atafikiri, angenijulisha kesho yake.

Jumapili mshenga alikuja na plasta puani, na akaongea vizuri kuliko safari ya kwanza. Simu ilitetema mfukoni katikati ya mithali zake, na mbele ya wazee huwezi kutoa simu. Nilivumilia hadi posa ikakubaliwa na vigelegele vikapigwa, ndipo nikakimbilia jikoni kusoma. Nafasi ilikuwa yangu, ila nijifunze kufungua macho.

"Wanasemaje?" mama akauliza.

"Wamenipa nafasi."

"Ya kuangusha watu."

"Ndiyo, mama."

Akaguna, akanikabidhi birika na beseni. "Haya, kamnawishe uliyemwangusha."

Nilipiga goti mbele ya mshenga nikamwagia maji mikononi, vidole vyake vikiwa vimevimba. Aliniinamia, akaniwekea mkono uliolowa begani, akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayebariki:

"Mechi ya marudiano nitakukanyaga, kijana."

"Amina," mama akaitikia kutoka jikoni.