Sweta la Kompyuta

"Kama haitawaka kwa mikono yangu hii, njoo na mkokoteni uchukue cherehani yangu ya kudarizi!"

Shangazi aliyasema hayo dukani kwa fundi kompyuta, mbele ya wateja waliojaa hadi mlangoni, na hakunong'ona. Fundi huyo tunamwita Daktari kwa sababu huvaa koti jeupe, ingawa wagonjwa wake wengi hutoka wakiwa vipuri. Alikuwa amemwambia kwamba ubao mkuu wa kompyuta yake umeungua, anunue kompyuta mpya. Angeishia hapo tungekuwa salama. Akaongeza: "Mama, wewe shona tu. Haya mambo yana wenyewe."

Shangazi anaishi kwa ile cherehani. Nembo za sare za shule, maua ya mapazia, majina kwenye mashuka ya maharusi, yote huchorwa kwenye kompyuta, kisha waya huyapeleka kwenye cherehani, nayo hudarizi. Bila kompyuta, cherehani ni meza ghali.

Mumewe aliposikia habari za mkokoteni, aliketi.

"Mke wangu, umeweka dau cherehani?"

"Ningekuweka wewe, nani angekubali?"

Shangazi akanunua ubao uliotumika, prosesa inayoendana nao, ramu mbili za kumbukumbu na diski mpya. Akatandika shuka mezani, akafungulia video kwenye simu. Kila skrubu aliyoichomoa aliishona kwenye shuka kama kifungo, kwa mpangilio ule ule zilivyokaa kwenye kompyuta: uzi mwekundu kwa skrubu za feni, bluu kwa za ubao. Mumewe alishika tochi.

"Mke wangu, huo ni umeme."

"Nimeshauchomoa. Unatetemeka bure."

Ile diski ya zamani, yenye michoro yake yote, aliitoa na kuifungia kabatini kabla ya kupiga windo, yaani kuweka programu ya kuendeshea kompyuta. "Likiniuliza nifute nini," alisema, "lisikute cha kufuta." Windo likaingia kwenye diski mpya bila matata. Diski ya zamani ikarudishwa, na michoro ikajipanga kwenye kioo, hata ua moja halikupungua.

Kisha akaivisha kompyuta sweta lake. Nyumbani kwa shangazi hakuna kinachokaa uchi. Redio ina vazi, jokofu lina vazi, na kompyuta ilikuwa na sweta nene la kufuma, lenye bitana, linaloibana kila upande ili vumbi lisipate pa kupenya.

Jumamosi Daktari akaja, na kweli alikuja na mkokoteni. Akapewa kiti na chai. Kompyuta ikawaka. Shangazi akamtazama kama mtu anayesubiri kupigiwa saluti. Chai haijafika nusu, kioo kikawa giza.

Daktari akaweka kikombe chini, akainuka, akashika cherehani na kuipima uzito.

Mume wa shangazi akagusa sweta, akarusha mkono. "Mama! Inachoma kama pasi!"

Daktari akacheka hadi akashika ukuta. "Kumbe muuaji ndiye huyu! Mama, hata ubao wa kwanza uliupika mwenyewe!"

Mtu mwingine angelia. Shangazi alichukua mkasi.

"Tulikubaliana iwake," alisema. "Hatukukubaliana iwe imevaa nini. Achia cherehani yangu."

Akakata madirisha mawili kwenye sweta, moja kwa kila feni. Akaiacha kompyuta ipoe, akaiwasha tena.

"Sasa vua koti."

"Koti langu?"

"Unataka ushahidi, hutaki?"

Daktari akavua. Cherehani ikaanza kugonga, tatata, tatata. Chai ya pili ikaisha, na ya tatu, kompyuta inapumua tu. Koti lilipotoka, juu ya mfuko wa kifuani palikuwa na herufi za kijani: MWANAFUNZI.

"Mama, sasa hili nitalivaaje mbele za watu?"

"Nimekufanyia bure. Funga vifungo, nje kuna upepo."

Daktari alisukuma mkokoteni mtupu hadi mwisho wa mtaa, koti amelivaa ndani nje.

Mpaka leo shangazi hajakubali kwamba sweta lile lilikuwa kosa. Anasema lilikuwa halijakamilika. Sasa masweta ya kompyuta yananing'inia mlangoni kwake, madirisha yamepindwa vizuri na kudariziwa pembeni, na wateja wa Daktari ndio wanunuzi wakubwa. Daktari mwenyewe alituma mtu kuuliza kama atapunguziwa bei.

Sweta moja lenye madirisha mawili ni elfu kumi na tano.