Hofu Ni Kwenu Tu

"Andika salamu kwanza," baba aliniambia. "Utaingiaje kwa ofisi ya watu bila salamu?"

Alikuwa amelala kifudifudi nyumbani kwetu karibu na Oyugis, mwaka wa pili tangu marobota ya tumbaku yamwangukie mgongoni katika ghala alimofanya kazi, kule Kehancha. Mimi, bintiye, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa mwandiko wangu mzuri nilijiona karani mkuu wa ukoo. Basi nikaandika kwa niaba yake, kama tulivyoandikiana wote miaka ile ya tisini: Natumaini hamjambo. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwenu tu. Ndipo nikamwombea mafao ya ulemavu, yampeleke kwa daktari wa mifupa Kisumu.

Tulipofika kwenye maumivu, alisema niandike kwamba mgongo unamsumbua kidogo. Kidogo! Na mama ndiye aliyekuwa akimvalisha suruali. Lakini baba ndivyo alivyokuwa. Hata akiwa ameuma meno kwa uchungu, ukimsalimu alikujibu, "Adhi maber," niko salama. Niliandika "kidogo" nikaweka nukta.

Baada ya miezi mitatu nilifuatilia kwenye ofisi ya mafao, Homa Bay. Karani alinirudishia barua ile ile, mstari wa salamu umepigwa wino mwekundu.

"Mzee mwenyewe anasema ni mzima wa afya," aliniambia. "Sasa dada, tulipe nani?"

"Hiyo ni salamu tu."

"Salamu peleka kwa shangazi. Hapa tunataka ugonjwa."

Nilimchukia yule mtu, na nikajichukia zaidi. Nikarudi nyumbani nikaandika upya, bila salamu hata moja. Niliandika kwamba hawezi kugeuka bila kushikwa. Kwamba anajikojolea. Kwamba wakwe wakija tunafunga mlango wa chumba chake na kusema amesafiri. Kwamba huuma mto ili tusimsikie akilia.

Ilibidi nimsomee kabla hajatia sahihi. Alisikiliza akiwa ameuelekea ukuta mpaka nilipomaliza.

"Nyara," akasema, kwani hivyo ndivyo alivyoniita, yaani binti yangu, "haya yote mnayajua?"

Nilimshikia karatasi, akatia sahihi iliyopinda.

Mafao yalikubaliwa. Daktari wa Kisumu alimpima, akatuambia kwamba tungefika mapema kidogo, pengine angeweza kusaidia. Ile miezi yote iliyopotea iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Baba aliishi miaka minne zaidi. Kila asubuhi niliingia na uji wake, nikamsalimu na kumuuliza ameamkaje. Sikuisikia tena ile "adhi maber" yake. Aliniangalia tu, bila hasira yoyote, akasema, "Si uliandika."