Arobaini na Mbili za Ufahamu

Katika duka la miwani alikofanya kazi kwa miaka tisa, walimwita Profesa. Hawakumpa cheo hicho kwa heshima. Walimpa kwa sababu hapakuwa na jambo duniani, kuanzia magonjwa ya nyanya hadi ndoa za watu asiowajua, ambalo yeye hakuwa na maoni juu yake, na maoni yake yalikuwa na haraka kuliko masikio yake. Ukianza kumwambia, "Jana jirani yangu...", tayari ameshakueleza jirani yako alikosea wapi.

Alikuwa fundi lenzi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka, hakina dirisha, kina mashine ya kusagia inayolia kutwa nzima, ndoo ya maji meupe ya unga wa lenzi, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyekuwa na muda wa kuibandua. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo hata maadui zake walikiri. Lakini alichoka kukaa nyuma. Alitaka chumba cha mbele, cha kupimia macho, chenye kiti cha kuzunguka na taa ndogo, amwambie mtu, "Tazama hapa. Ya kwanza au ya pili?" Kwa hilo ilihitajika upitie chuo, na chuo kilikuwa na mtihani wa kujiunga. Akiwa na miaka thelathini na mitatu, akaketi kwenye dawati la kitoto, magoti yakigonga ubao, akaufanya.

Matokeo yalikuwa mazuri mno, mpaka ufike mstari wa mwisho. Hesabu themanini na moja. Sayansi sabini na saba. Maarifa ya jumla sabini na nne. Ufahamu, yaani kusoma kifungu cha habari na kujibu maswali kwa lugha aliyoizungumza tangu anyonye, arobaini na mbili. Chuo kilitaka hamsini kwa kila sehemu.

Barua ilikuwa na huruma zake. Kwa alama hizo angeweza kupokelewa kozi ya utunzaji wa mafaili. Au angeweza kurudia mtihani, wote, sehemu zote nne, na siku atakayotia saini fomu ya kurudia, matokeo ya kwanza yangefutwa. Alikuwa na wiki mbili za kuamua.

Ushauri haukuchelewa. Kaka yake alimfariji kwa namna yake. "Ufahamu si somo, mdogo wangu. Mwanangu wa darasa la nne anaufanya huku anakula." Daktari mwenye duka alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia anaongea naye kama mzazi. Chuo kinachosha watu, alisema, na mafaili yana heshima yake, na hata kubaki fundi si aibu. Kwamba dukani hapakuwa na mtu mwingine wa kusaga lenzi za sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea, hilo mzazi huyo hakulitaja. Mkewe, aliyeoka mikate kiwandani na kuondoka nyumbani alfajiri, alimuuliza tu, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Profesa aliona huo si msaada.

Akabaki mama mkwe. Alikuwa amekuja kutibiwa goti, na kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, akiandika maneno ya mashahidi. Hakutoa ushauri wowote. Aliomba karatasi ya maswali na majibu, iliyorudishwa pamoja na barua.

"Hapa wanasema kinyozi hufunga saluni yake kila Jumanne, kwa sababu siku hiyo maji hayatoki," alisema, miwani ikiwa puani. "Swali: kwa nini kinyozi hufunga Jumanne? Wewe umejibu kwamba ni mvivu."

"Ni mvivu, mama. Maji si huchotwa Jumatatu?"

"Nani kasema ni mvivu?"

"Hakuna aliyesema. Ila mtu mwenye akili anaona."

"Baba, sijakuuliza unachoona. Nimeuliza kilichoandikwa."

Profesa alimweleza, kwa adabu zote anazostahili mkwe, kwamba swali lenyewe lilikuwa bovu na aliyelitunga hajawahi kunyolewa. Mama mkwe akakunja karatasi, akamrudishia, akaomba maji ya kumezea dawa.

Siku tatu baadaye akaamua. Hatarudia. Aliandika barua ya kukubali kozi ya mafaili, kurasa mbili, na katika ukurasa wa pili aliwapa chuo mawazo kadhaa ya kuboresha mtihani wao. Akaitia kwenye bahasha, akaiweka mfukoni aipeleke posta wakati wa chakula cha mchana.

Saa nne asubuhi akaingia dereva wa lori mstaafu, mzee mrefu aliyekuwa amechukua miwani mipya jana yake. Alifika kwa kupapasa ukuta. Alisimama mbele ya tangazo la mlangoni, mwanamke wa karatasi aliyetabasamu akiwa amevaa miwani ya bei, akamsalimia na kumuulizia hali ya nyumbani. Hakujibiwa. Msichana wa mapokezi akamshika mkono, akamkalisha.

Daktari alisema bila shaka mwandiko wa vipimo ulikuwa mbaya. Profesa akaenda droo ya nyuma kuchukua karatasi ya vipimo. Mwandiko ulikuwa safi. Mbele ya mbili na nusu palikuwa na alama ya kutoa, ya miwani ya kuonea mbali, imekolezwa kwa wino, kwa macho yote mawili. Yeye alikuwa amesaga ya kujumlisha. Akakumbuka vizuri alivyofanya: aliona umri wa mzee, miaka sabini na moja, akajisemea watu wa umri huu wote wanataka miwani ya kusomea, na hapo macho yake yakaacha kazi.

Daktari alikuwa bado anautafuta ubaya wa mwandiko. Profesa akaenda mbele, akachuchumaa karibu na kiti cha mzee.

"Nisamehe, mzee wangu. Nilisoma vibaya."

"Hukusoma, mwanangu," mzee akasema bila hasira. "Ungesoma, ungeona. Nimegonga mlango wa choo changu mwenyewe mara mbili."

Alimsagia nyingine palepale, na safari hii alisoma kila namba kwa sauti kabla ya kuwasha mashine. Mchana hakwenda posta. Alikwenda chuoni, akajaza fomu ya kurudia. Alipofika penye saini aliisoma fomu mara mbili, maana themanini na moja ya hesabu ilikuwa ndiyo inakufa.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa ya mateso. Kila jioni mama mkwe alimsomea habari moja ya gazeti, kisha akamtaka aieleze bila kuongeza hata neno. Akisema "huyu waziri naye", karani huyo mstaafu alinyanyua kalamu na kuanza kusoma upya. Mara mbili Profesa aliondoka sebuleni. Mara mbili alirudi, kwa sababu chumba cha kulala kilikuwa na joto, alisema.

Alipata sitini na moja za ufahamu. Hesabu zilishuka hadi sitini na nane, jambo lililomfanya kaka yake apendekeze arudie tena, kwa ajili ya hesabu. Daktari alimfanyia hafla ndogo ya soda, akahutubia jinsi alivyomsukuma tangu mwanzo aende chuo.

Sasa yuko mwaka wa kwanza, anasoma na vijana wanaomwita mzee na kumwachia kiti cha mbele bila kuombwa. Wiki iliyopita mhadhiri aliandika swali ubaoni, Profesa akanyanyua mkono, kisha akaushusha, akalisoma tena.