Nilivyoanua Dagaa wa Watu Kirando

Mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nikaachishwa shule darasa la pili nikapelekwa kuchunga ng'ombe wa watu, na tangu siku ile sijui kukaa bure, hata Jumapili nikitoka kanisani natafuta ua wa kurekebisha. Nalisema hili mapema kwa sababu aibu niliyoipata Kirando mwaka jana ilitokana na hicho hicho ninachojivunia, na wanangu wakiisimulia wanaiongezea chumvi, bora niisimulie mwenyewe.

Mke wangu, Mama Kristina, alisikia redioni habari za nchi moja ndogo ambako watu wanakwenda kupumzika, eti asubuhi uko mlimani, mchana uko ufukweni. Nikamwambia, "Nchi gani hiyo ya ajabu? Si hii hii yetu? Hapa Sumbawanga baridi, ukiteremka Kirando ziwa hilo."

"Basi nipeleke."

Miaka arobaini na minne ya ndoa hajawahi kuniomba safari (aliniomba jembe, aliniomba ng'ombe wa maziwa, safari hapana). Akaongeza, "Siku tatu tu, Baba Kristina. Zawadi sitaki. Nataka nikuone umekaa."

Nikaahidi.

Tulikwenda mwezi wa nne, mahindi yamekomaa yanangoja kukauka shambani. Niliteremka na koti langu zito na mabuti kwenye joto lile nikakataa kuvua, mzee mzima siwezi kutembea na shati tupu kama mtu aliyekurupushwa. Siku ya kwanza nilikaa kweli. Kung'oa visiki ni rahisi zaidi.

Siku ya pili, kama saa tano, Mama Kristina aliketi mchangani, miguu majini, akaniita, "Njoo, maji yana uvuguvugu." Nikasema nakuja. Sasa, pembeni ya gesti yetu kina mama walikuwa wameanika dagaa, mchanga wote unang'aa, halafu wakaondoka wote kwenda kupokea mtumbwi upande wa pili. Nikageuka kutazama milima tulikotoka, nikaona wingu limesimama juu yake, jeusi tii. Kwetu wingu likisimama vile, ukimaliza kusema "mvua" umeshalowa, na mwenye ulezi uwanjani hatafutwi, jirani yeyote aliye karibu anauanua. Mimi nione chakula cha watu kinalowa nimekaa?

"Baba Kristina!" akaita mara ya pili.

"Subiri, mvua inakuja!"

Niliitoa kwa sauti ya kuswaga ng'ombe. Basi mama wa chapati akaumwagia moto wake maji, waliofua wakaanua nguo mbichi, wageni wenzangu wakatoka mbio kunisaidia (ukiamuru watu umevaa koti zito wanatii), tukazoa dagaa wote, wa huyu na wa yule, pamoja na mchanga wake, tukawarundika fungu moja, nikafunika turubai nikakandamiza na mawe, kisha nikasimama kando najiona chifu.

Jua likawaka. Likazidi kuwaka. Lile wingu halikusogea hata hatua.

Kina mama waliporudi, aliyetangulia alikuwa Mama Zuhura, mwenye dagaa wengi kuliko wenzake. "Nani kaanua?" Watu wote wakaninyooshea kidole, hata yule wa chapati. Akaja mpaka kwangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, wingu la mlimani ni lenu, linashinda huko huko na baridi yenu. Mvua yetu sisi inatokea ziwani." Akafunua turubai, ukatoka mvuke na harufu ambayo sitaiandika. "Dagaa wabichi wanafunikwa? Umeona ulezi hapa? Umewapika, babu!"

Mwenzake akadakia, "Mwache, kajiona yeye na koti lake, akadhani na dagaa wanasikia baridi!" Ufukwe mzima ukacheka.

Nikainama niwatandaze. "Usiguse!" wakasema kwa pamoja. Lakini dagaa akishapata joto hangoji, na mikono ilikuwa haitoshi. Ndipo nikamwona Mama Kristina anatoka majini, anakunja kitenge chake kipya, anapiga magoti kati ya wale wanawake, anachambua dagaa na mchanga bila kuniangalia. Alasiri nzima. Mimi wamenikalisha kwenye kigoda, koti nimevua sasa, natazama mgongo wake. Nilimleta apumzike. Vicheko nilivimeza, lakini hilo ndilo lililoniuma.

Wengi waliokoka. Walioharibika Mama Zuhura alinijazia kwenye kiroba. "Wapelekee kuku wako, uwaambie babu alikuwa likizo."

Jioni nikamwambia mke wangu, "Siku ya leo haihesabiwi. Tunaongeza moja."

"Utaweza?"

Siku ya nne niliketi naye, suruali nimeikunja, miguu majini, wapita njia wananiuliza, "Babu, mvua vipi leo?" nawajibu sijui. Akaanza kunisimulia jambo la marehemu mama yake, jambo refu, ambalo kumbe amekuwa akilianza tangu tuoane na mimi nanyanyuka katikati. Safari hii nililisikia mpaka mwisho.

Cha mtu sianui tena bila kuulizwa. Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, ng'ombe saba, plau mbili, eka kumi na mbili, mashine moja ya kusaga, na mke, ambaye mwaka huu ameniomba twende Wampembe, ziwani tena.